Kufiwa ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuurudisha mwili wa marehemu Kenya au Tanzania

Ukurasa huu ni kwa familia zilizopigiwa simu ile asiyeitaka mtu: ndugu amefariki Riyadh, Dubai, London au Minneapolis, na watu wa nyumbani wanauliza mazishi lini. Kama muda ni mdogo, soma majibu mawili ya mwanzo, piga simu zako, kisha urudi kwa mengine.

Tumepata habari sasa hivi. Tuanzie wapi?

Siyo kwenye michango. Familia nyingi hufungua kundi la WhatsApp ndani ya saa ya kwanza, zinatengeneza tangazo lenye picha, na kufikia jioni pesa zinaingia huku hakuna anayejua mwili uko hospitali gani. Mwili hukwama kwa sababu ya karatasi kuliko kwa sababu ya pesa, na karatasi hazianzi kutembea mpaka yajulikane mambo matatu: mwili uko wapi hasa (mji, hospitali, chumba cha maiti), kifo kimeripotiwa kwa nani, na nani ana mamlaka ya kutia saini.

Baada ya hapo wasiliana na ubalozi au ubalozi mdogo unaohudumia mji huo. Uwe na jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na kwa aliyekuwa Uarabuni, namba ya ikama (kitambulisho cha ukazi) pamoja na jina na simu ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Picha ya ukurasa wa pasipoti iliyosahaulika kwenye simu ya dada yake inaweza kuokoa siku nzima. Kwa Wakenya ipo pia Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, iliyoundwa mwaka 2022, ambayo unaweza kuifuata ukiwa Nairobi. Kwa Watanzania mlango ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Angalia kalenda pia. Saudi Arabia ofisi za serikali hufungwa Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Kifo cha Alhamisi jioni Saudi Arabia hakitaanza kushughulikiwa kesho yake asubuhi, hata kama mjomba ana cheo kikubwa Dodoma.

Nani ana haki ya kuamua mwili uende wapi?

Hili ndilo swali linalochelewesha maziko kuliko yote, na watu hulikwepa mpaka lipasuke.

Kule nchini alikofia, inayotumika ni sheria ya nchi ile, siyo kikao cha ukoo. Katika majimbo mengi ya Marekani, kama marehemu hakumteua mtu kwa maandishi, mwenye kauli ya kwanza ni mume au mke wa ndoa, kisha watoto wazima, kisha wazazi. Uingereza anayetangulia ni msimamizi aliyetajwa kwenye wosia, na kama hakuna wosia, mwenye haki ya kusimamia mirathi, ambaye kwa kawaida ni mume au mke wa ndoa. Baba mzazi aliyeko Bukoba anaweza kuwa na heshima yote ya ukoo, lakini kampuni ya mazishi ya Texas haitampa mwili ikiwa mke wa marehemu aliyeko Texas hajakubali. Na mke wa ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa popote anaweza kujikuta hana sauti kabisa, hata kama mahari ililipwa mbele ya kijiji kizima.

Nyumbani mambo yanaweza kugeuka. Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong; ukoo wa Umira Kager ukasema azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki hiyo, na akazikwa Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Kwa hiyo mjane anaweza kuwa na kauli yote mpaka ndege inapotua, kisha akafikishwa mahakamani kwenye ardhi ya nyumbani.

Ushauri wangu ni mkavu: kabla mwili haujaondoka, pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi kuhusu mahali pa kuzika, na mtu mmoja tu ateuliwe kuzungumza na ubalozi na kampuni ya mazishi. Mtu mmoja. Ubalozi ukipigiwa na shemeji, binamu na mchungaji, kila mmoja na maelekezo yake, faili huwekwa pembeni mpaka mpatane. Kwa nchi za Ghuba, mara nyingi warithi hutakiwa kutoa hati ya uwakala iliyothibitishwa na wakili, kisha wizara ya mambo ya nje, na wakati mwingine ubalozi wa nchi husika. Hati hiyo ianze kuandaliwa siku ileile.

Serikali yetu italipa?

Kwa kawaida hapana. Ubalozi husaidia kupata nyaraka, kumfuatilia mwajiri, kuthibitisha uraia na kutoa kibali cha kusafirisha mwili. Zipo nyakati serikali imeingilia kati na kulipa, hasa ajali kubwa au kisa kilichopiga kelele magazetini, ila usipange msiba wako juu ya matumaini hayo.

Alikuwa anafanya kazi Uarabuni. Kafili analazimika kulipa?

Mara nyingi ndiyo, na familia nyingi hazilijui hilo zinapoanza kuuza ng'ombe. Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia, kifungu cha 40, inamtwika mwajiri gharama za kuandaa mwili na kuusafirisha hadi mahali mkataba ulipofungwa au mfanyakazi alikoajiriwa, isipokuwa familia ikubali azikwe huko, au shirika la hifadhi ya jamii la nchi hiyo libebe gharama hizo. Falme za Kiarabu nazo, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2021, zinamtaka mwajiri alipie kuandaa na kusafirisha mwili familia ikiomba. Neno la kushika hapo ni "ikiomba". Usipoomba kwa maandishi kupitia ubalozi, kafili atasema hakuna aliyemwambia.

Wafanyakazi wa nyumbani ni suala jingine. Hawa, ambao ndio wengi wa dada zetu, hawamo ndani ya sheria ya kazi ya kawaida. Wana kanuni zao na mkataba wao. Utafute mkataba huo. Wakala aliyempeleka anatakiwa kuwa na nakala, na akikuambia haioni, mwandikie barua na nakala ipeleke Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama uko Kenya, TaESA (Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania) kama uko Tanzania Bara, au ofisi ya Kamisheni ya Kazi kama uko Zanzibar. Mawakala huwa na kumbukumbu nzuri zaidi leseni inapotajwa.

Ugumu mkubwa ni pale marehemu alipokuwa amemkimbia mwajiri na kuripotiwa mtoro. Hapo kafili huosha mikono, na gharama huangukia familia na Wakenya au Watanzania wenzake wa mji ule. Mwili bado unaweza kurudi, lakini kila hatua huhitaji kusukumwa.

Tutajuaje kama alikuwa na bima?

Tazama viza yake. Aliyeingia Ulaya kwa viza ya Schengen alitakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na bima hiyo lazima iguse pia gharama za kurudisha mwili. Aliyekuwa Marekani kwa viza ya J-1, yaani ya mabadilishano ya wanafunzi, watafiti na wengineo, alilazimika kuwa na bima yenye angalau dola 25,000 za kurudisha mwili. Pesa hizo zipo, zinangoja mtu aulize. Uliza pia chuo chake, mwajiri wake, chama cha wafanyakazi, benki iliyompa kadi, na umoja wa Watanzania au Wakenya wa jimbo lake: vingi vina mfuko wa kufa na kuzikana ambao ndugu wa nyumbani hawajawahi kuusikia.

Onyo moja. Kampuni za bima hupenda zenyewe kuchagua kampuni ya mazishi. Ukishalipa ya kwako kwanza, kurudishiwa pesa ni kibarua kingine.

Bila bima wala mwajiri, ni kiasi gani?

Kutoka Marekani, familia nyingi hujikuta zikitafuta zaidi ya dola 10,000 ukijumlisha kampuni ya mazishi, jeneza, nyaraka na nauli ya mwili. Kinachopandisha bei ni vitu viwili: jeneza la kifahari na umbali wa kutoka mji mdogo hadi uwanja mkubwa wa ndege. Uombe bei mbili au tatu, kwa maandishi, zikiwa na mchanganuo. Marekani kampuni ya mazishi inabanwa na kanuni za serikali kuu kukupa orodha ya bei unapoulizia ofisini kwao, hivyo usione haya. Na jeneza si lazima liwe la huko: waambie waweke jeneza rahisi linalokidhi masharti ya ndege, lile la heshima litengenezwe na fundi wa kwenu.

Karatasi zipi zinahitajika?

Majina hutofautiana nchi kwa nchi, ila kiini ni kilekile: cheti cha kifo, cheti cha kuonyesha mwili umetiwa dawa, cheti cha daktari kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa hatari wa kuambukiza, tamko la kampuni ya mazishi kwamba ndani ya jeneza kuna mwili huo tu na limefungwa ipasavyo, pasipoti ya marehemu, kibali cha ubalozi, na hati ya mzigo ya shirika la ndege. Saudi Arabia huongeza ripoti ya polisi na viza ya kutoka moja kwa moja, kwa sababu kwenye mfumo wa uhamiaji marehemu bado ni mkazi mpaka atolewe.

Hakikisha jina limeandikwa sawa kwenye zote. Cheti cha hospitali kinachosema "Mohamed" na pasipoti inayosema "Muhammad" kinatosha kuuacha mwili kwenye jokofu wiki nzima. Wanawake walioolewa na kubadili majina ndio huathirika zaidi.

Itachukua muda gani?

Marekani, kifo kisicho na utata, wiki moja hadi mbili ni jambo la kawaida. Uingereza na Wales kuna hatua isiyorukwa: afisa mchunguzi wa vifo wa eneo lazima apewe taarifa kwamba mwili unatolewa nchini, na hupewa siku nne za kutafakari kabla haujaondoka. Kwa hiyo mtu akifariki Birmingham Jumatatu, usiitangazie ukoo maziko ya Jumamosi.

Nchi za Ghuba huwezi kukadiria. Kifo cha hospitali chenye kafili mwelewa humalizika ndani ya wiki kadhaa. Kifo chenye polisi, deni au mgogoro wa mishahara huenda miezi. Kwa hali hiyo ni afadhali matanga yafupishwe, watu warudi mashambani na makazini, na waitwe tena mwili ukishapata namba ya ndege. Kulisha waombolezaji wiki tano kumewahi kuzimaliza familia kuliko nauli ya mwili wenyewe.

Wametuambia "moyo ulisimama". Tunaweza kudai uchunguzi?

Mnaweza, na mna sababu ya kuuliza. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika kipindi cha takriban miaka miwili, na vingi vya vifo hivyo vilielezwa kuwa vya moyo kusimama. Kila anayekufa moyo wake husimama. Hilo linasema tu kwamba amekufa, halisemi amekufa na nini.

Ombi la uchunguzi lipelekwe kabla mwili haujatiwa dawa. Hapa ndipo haki nyingi zilipozikwa. Formalini inayotumika kuhifadhi mwili huvuruga vipimo vya sumu na pombe. Ikishaingia, daktari wa Nairobi au Dar es Salaam anabaki kutazama mifupa iliyovunjika na majeraha, siyo kilichokuwa kwenye damu. Kwa hiyo barua iende ubalozini siku ya kwanza: tunaomba uchunguzi wa maiti ufanyike huko, tunaomba sampuli zihifadhiwe, tunaomba ripoti kamili ya daktari na ya polisi. Mkikataliwa, mkataliwe kwa maandishi.

Mwili ukifika na bado mna shaka, msiuzike. Ripotini polisi kwanza ili uchunguzi wa pili ufanywe na daktari wa serikali, ndugu akiwepo au akiwakilishwa na daktari mnayemwamini. Mkikuta mshono mrefu kifuani au viungo vilivyotolewa, msikimbilie kuamini uvumi wa biashara ya figo. Uchunguzi wa maiti hukata mwili, na maabara huweza kubaki na kiungo kwa vipimo. Lakini ripoti lazima iseme hivyo. Kama kiungo hakipo na hakuna karatasi inayokitaja, hapo mna swali halali la kuipelekea serikali.

Sisi ni Waislamu. Si bora azikwe hukohuko?

Kwa wengi, ndiyo. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, wanazuoni hawaoni vyema maiti kuhamishwa kutoka mji aliofia kwenda mji mwingine, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis (Yerusalemu). Kuharakisha maziko ni sunna, na kutia dawa mwili si jambo la kupendeza. Madhehebu hayohayo yanaruhusu swala ya ghaibu, kwa hiyo watu wa Lamu, Tanga au Unguja wanaweza kumsalia aliyezikwa Muscat bila kumwona. Familia yenye ndugu Oman ina watu wa kumwosha na kumkafini, na sidhani kuna aibu yoyote katika hilo, ingawa nimesikia wazee wakilaumiwa kwamba "wamemtupa mtoto".

Aliyefia Hijja habari yake imekwisha pangwa: mahujaji huzikwa Saudi Arabia, na fomu za safari husema hivyo. Mwaka 2024, joto lilipopita nyuzi 50, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao watu waliokwenda bila kibali rasmi. Wasiokuwa na kibali ndio waliowasumbua ndugu zao kuwatafuta, kwa kuwa hawakuwa kwenye orodha ya kikundi chochote. Mzee wako akienda, hakikisha yumo kwenye orodha.

Mkiamua bado kumrudisha, ombeni aoshwe na kukafiniwa kabla ya jeneza kufungwa. Mkisubiri kufanya hivyo nyumbani, hali ya mwili inaweza isiruhusu.

Mwili husafirije, na lazima mtu auandamane?

Husafiri kama shehena, sehemu ya chini ya ndege, ndani ya jeneza lililofungwa lisipitishe hewa wala maji; nchi nyingi hutaka bati la zinki lililochomelewa ndani yake. Mtu binafsi hapeleki mwili uwanjani mwenyewe. Ni kampuni ya mazishi au wakala wa shehena anayetambuliwa na shirika la ndege. Msindikizaji si lazima. Anayetaka kuandamana hukata tiketi yake ya kawaida, na asishangae akifika kabla ya mwili, kwa sababu shehena inaweza kuachwa Addis Ababa au Doha kungoja ndege inayofuata. Ombeni namba ya hati ya mzigo. Kwa namba hiyo mnaweza kuufuatilia mwili kwenye tovuti ya shirika, na hamtahitaji kumpigia mtu usiku wa manane.

Ukifika uwanjani, tunafanya nini?

Msiende kusubiri wanapotokea abiria. Mwili hutolewa upande wa mizigo, iwe Jomo Kenyatta, Moi Mombasa, Julius Nyerere, Kilimanjaro au Abeid Amani Karume. Anayepokea awe na kitambulisho halisi, nakala za nyaraka zote na pesa za malipo ya ghala na wakala wa forodha. Maofisa wa afya wa bandari hukagua karatasi kabla ya kuruhusu gari liondoke. Saa tatu au nne za kungoja ni kawaida, kwa hiyo mama mzazi abaki nyumbani.

Sasa jambo dogo ambalo halimo kwenye fomu yoyote: ukubwa wa jeneza. Majeneza ya Marekani na Uingereza ni mapana na mazito kuliko yetu, na husafirishwa ndani ya kasha jingine la mbao au boksi gumu. Ombeni vipimo mapema, vipelekwe kwa wachimba kaburi na kwa mwenye gari. Nimeona mazishi yakisimama saa nzima, mchungaji ameshamaliza sala, vijana wakirudi na majembe kupanua kaburi. Vilevile, ndege ndogo za ndani huenda zisiweze kupakia kasha hilo; mwili wa kwenda Bukoba au Lodwar huishia kwenye barabara.

Tunaweza kufungua jeneza?

Siyo uwanjani. Ukishafika chumba cha maiti, wahudumu wanajua kukata zinki bila kuharibu, na wao ndio wafungue kwanza bila umati. Kisha ndugu wawili wenye moyo mgumu waingie kutambua. Hilo lifanyike kila mara, hata kama hamtaki kuaga kwa kuutazama, maana miili iliwahi kubadilishana. Baada ya hapo, kama uso umebadilika, wao wawili ndio watakaowaambia wengine kwamba jeneza litabaki limefungwa.

Michango tuiendesheje?

Akaunti moja, waweka hazina wawili wasiotoka tumbo moja, na hesabu kuwekwa kwenye kundi kila jioni. Toeni picha ya ankara ya kampuni ya mazishi ili kiwango kinachotafutwa kiwe na ushahidi. Semeni mapema pesa zikizidi zitakwenda wapi; mimi nasema kwa mjane au ada za watoto, siyo kununulia sare za kamati.

Kufa kufaana, walisema wahenga, na matapeli wanalijua. Huiba picha ya marehemu na kufungua mchango wao. Wengine hupiga simu wakijifanya watu wa hospitali ya Dammam wanaotaka pesa "za kuufungua mwili". Pesa yoyote inayodaiwa ng'ambo ithibitishwe na ubalozi kabla haijatumwa, hasa ikiombwa kwa M-Pesa ya namba ya hapa nyumbani.

Amefariki Nairobi, kwao ni Moshi. Lazima ndege?

Hapana. Barabara inatosha, kupitia Namanga au Holili. Beba kibali cha mazishi, cheti cha kutiwa dawa, barua ya kampuni au hospitali, na ufike mpakani mchana.

Alikuwa amechukua uraia wa Marekani. Na kama hakuwa na karatasi kabisa?

Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, lakini mwili wa raia wa kigeni unaweza kuingia na kuzikwa. Kibali cha ubalozi bado kinahitajika. Wanaosahaulika ni wasindikizaji. Watoto wake wenye pasipoti za Marekani wanahitaji viza ya Tanzania, ambayo kwa Wamarekani ni dola 100 kila mtu, au idhini ya kielektroniki ya Kenya iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Waombe siku ileile.

Asiyekuwa na karatasi hapotezi haki ya kurudi kuzikwa kwao. Ubalozi hutaka tu uthibitisho kwamba ni raia: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha zamani, barua ya chifu au ya serikali ya mtaa. Wenzake walioishi naye wanaogopa kujitokeza polisi, na hofu yao ni ya kweli. Waulizeni taratibu, kupitia mtu wanayemwamini.

Mishahara yake, fidia na vitu vyake?

Msisaini karatasi ya "hatuna madai yoyote" ili mwili uachiwe haraka. Ni mtego wa kawaida. Mwili na haki za kazi ni mambo mawili, na ubalozi unaweza kuyatenganisha. Falme za Kiarabu mwajiri hutakiwa kuwapa warithi mishahara na kiinua mgongo ndani ya siku 10 tangu kifo au tangu alipojua. Kama alikufa kwa ajali ya gari au kosa la mtu, kuna diya, yaani fidia ya damu; Falme za Kiarabu kiwango chake kimekuwa dirhamu 200,000. Kuipata kunahitaji hati ya mahakama ya nyumbani inayotaja warithi, hivyo kikao cha mirathi kisisubiri arobaini.

Nguo, simu na vifaa vilivyotumika vya marehemu huweza kuingia bila ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, vikiambatana na cheti cha kifo. Simu msiifute kabla mambo ya fidia hayajaisha: ujumbe wake kwa kafili ni ushahidi.

Cheti cha kifo cha nje kinafaa mahakamani huku?

Kinafaa kikithibitishwa. Cha Kiarabu kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, kigongwe muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotoka na wa ubalozi wetu, kisha ndipo kiende mahakamani kufungua mirathi. Fanyeni hivyo mwili ukiwa bado huko, maana kuomba muhuri wa Riyadh ukiwa Singida ni safari ya miezi. Marekani nakala rasmi huuzwa moja moja. Nunueni nyingi kwa pamoja, kwa kuwa benki, bima, mahakama na mfuko wa pensheni kila mmoja atataka ya kwake na wengine hawarudishi.